Shuka nyeupe ya madame wa Golf

Mujukulu wangu Nadège,

Huku Lubumbashi tuko wazima. Nkambo yako mwanamuke, bibi yangu, anakusalimia. Mugongo inamusumbua, mudomo hapana.

Unauliza rangi gani inafaa salon yenu, chumba ya wageni, kule Kasenga, kwa sababu bwana yako anataka nyeupe na wewe unaogopa kukosea. Umeuliza muntu mwenyewe: mimi peintre, mupaka rangi. Ningemaliza masomo, leo ningekuwa ministre wa rangi.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa villa moja ya Golf, mutaa ya matajiri, na kwa franga za ile kazi nilitaka kuoa nkambo yako. Nikapaka salon nyeupe, safi kabisa. Saa tisa madame mwenye nyumba akaingia: "Peintre, niliomba nyeupe, umepaka rose, nyekundu ya kufifia. Toka." Nikaapa kama nilipaka nyeupe. Akaleta shuka nyeupe, akaitundika karibu na ukuta ili nione haya. Shuka nayo ikageuka rose.

Kisha akaangalia dirishani: uwanja muzima ni udongo mwekundu, na jua inaupiga.

"Kumbe udongo ndiyo inapaka," akasema.

"Ndiyo, madame. Nayo haina diplome, kama mimi."

Akacheka, akaniachia kazi. Nikaongeza kahawia kidogo ndani ya rangi, ipatane na udongo wa inje, na salon ikatulia.

Lakini kwenu mwangaza inatoka ku maji ya muto Luapula, na ile mimi siijui. Basi tundikeni shuka, wewe na bwana yako, mukae muiangalie asubuhi mpaka jioni. Rangi yenye mutaona wote wawili ku shuka, mupake hiyo. Muniachie ukuta moja tu, nitakuja kuupaka. Brosi yangu ingali na nguvu.

Nkambo yako