Kifungu cha Buti

Hodan mjukuu wangu,

Asalaam aleikum kutoka Garissa. Mama yako yuko Sangailu, ngamia wamezaa. Mimi ayeeyo yako ni goti tu linanisumbua.

Unauliza mkataba wa chama cha wafanyakazi una faida gani hapo kiwandani, ikiwa meneja ameufungia kabatini.

Nilipokuwa msichana niliosha sakafu ya machinjio hapa mjini. Mwajiri alikuwa ametia saini na chama chetu kwamba tutapewa buti na glavu. Hatukuziona. Siku moja mwenzangu Halima akateleza akiwa na kisu mkononi; mengine niachie mimi. Tulipokwenda ofisini, meneja akasema, "Hiyo karatasi imepotea. Na nyinyi hata kusoma hamjui."

Wallahi, alikosea watu! Sisi ni watoto wa duksi, chuo cha Kurani. Tulihifadhi Kurani kwa sikio kabla ya kujua kuandika majina yetu. Siku ya saini karani wa chama alitusomea kile kifungu mara tatu, kikatuingia.

Asubuhi iliyofuata tulisimama mlangoni, hakuna aliyeshika kazi, tukakisoma kwa sauti moja. Meneja akiingia, tunasoma. Akitoka, tunasoma. Kabla ya adhuhuri lori likaleta buti.

Kwa hiyo mwache afunge kabati lake. Waite wenzako, karani wa chama chenu awasomee nakala yake, mhifadhi kifungu chenu. Mimi siku hizi nasahau hata mbuzi wangu ni wangapi, lakini sikiliza:

"Mwajiri atampa kila mfanyakazi buti na glavu kabla ya kazi kuanza. Asiyepewa hataanza."

Ayeeyo yako