Kadi ya Kusomwa Dukani

Msambweni, Jumanne

Baba mpenzi, shikamoo. Tumekaa kwenye benchi la hospitali tangu alfajiri, joto ni kali, na Babu amesinzia begani mwangu.

Miaka miwili mkojo ulimtoka kwa shida, akawaficha nyinyi wanawe kwa haya. Mimi mjukuu aliniambia kwa utani: "Mke wangu, mumeo amekuwa mfereji ulioziba." Sikucheka. Nilimsihi tuje.

Majibu ya vipimo yametoka, na daktari amesema ni saratani ya tezi dume. Angekuja mapema, kazi ingekuwa nyepesi. Atapasuliwa Alhamisi, na tumaini lipo.

Nilitaka kukuandikia barua ya kufungwa, Babu akakataa. "Andika kadi ya wazi, Salimu mwenye duka aisome kwa sauti kama asomavyo kadi zote zinazopitia kwake. Wanaume wa pale barazani wameumbwa kama mimi."

Basi Ami Salimu, tafadhali usiruke mstari huu. Baba, unisamehe. Nimekuona nawe ukienda nyuma ya nyumba mara kwa mara, ukikawia kama Babu. Kadi hii naituma kwa basi la leo jioni; wewe panda la kesho. Nitakupokea kituoni, na kwa daktari nitakusindikiza mpaka mlangoni.

Mwanao akupendaye,
Mejumaa