Kitovu Kimetoka

4 Machi. Asubuhi mawingu, upepo kidogo.

Mama mpendwa,

Shikamoo. Hujambo huko jikoni kambini? Natumaini hao wajenzi wa barabara hawajakumaliza kwa njaa zao. Sisi wazima, mjukuu wako ananyonya vizuri. Kikonyo cha kitovu bado kinaning'inia. Nakiacha kikavu, nepi naikunja chini yake, sikipaki kitu, kama nesi alivyoagiza. Jirani kaleta mafuta ya kukipaka. Nimeshukuru, nimepaka miguu yangu.

Ulisema utaomba ruhusa. Baba mtoto yuko kazini kutwa. Mlango wa jirani ukilia, nadhani ni wewe.

Binti yako.

19 Machi. Jua tangu mapema.

Mama, shikamoo. Dereva wa lori la mahitaji ya kambi yenu anapiga honi, kwa hiyo kwa ufupi: kitovu kimetoka. Tafadhali, Mama.

Binti yako.

25 Machi. Manyunyu.

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, mgongo tu. Kimetoka! Nimepiga vigelegele mpaka msimamizi akauliza nani kaolewa. Wali ukaungua, wajenzi wakaula hivyo hivyo. Ruhusa nilikuwa nimeshapewa, lakini kwa kuwa kikonyo kimeanguka salama, nimempisha mwenzangu wa jikoni, anauguza. Nitakuja zamu ijayo. Nibusie mjukuu wangu.

Mama yako.

2 Aprili. Ukungu, baridi.

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Barua yako imenichekesha, halafu imeniliza. Kikonyo kilianguka mapema, nikasahau kukuambia. Kilichotoka ni kitovu chenyewe: akilia kinavimba nje kama ncha ya kidole gumba, akinyamaza kinarudi. Jirani akaja na sarafu na kitambaa. "Mfunge! Au unataka aolewe kitovu nje?" Nikamfunga. Akalia mpaka sauti ikakauka. Nikafungua, nikambeba mpaka zahanati.

Nesi alikibonyeza taratibu, kikaingia. "Usifunge, hata kwa hariri. Vingi hurudi vyenyewe mtoto akikua. Kikiwa kigumu, kikibadilika rangi, kikigoma kurudi ndani, au akitapika, mlete mbio."

Basi mtoto hana neno. Mwenye neno ni mimi. Nikimwogesha naongea na wewe kwa sauti, nakuuliza maji yamepoa kiasi gani, kisha najijibu kwa ukali wako. Kuandika habari za kitovu niliweza, Mama. Kuandika kwamba nakutaka wewe, hata pasipo ugonjwa wowote, niliona haya. Nina mtoto wangu mwenyewe sasa. Lakini ndivyo ilivyo. Njoo.

Binti yako.

10 Aprili. Kumetakata, ndege wanapiga kelele.

Mwanangu,

Naacha karatasi hii kwenye mto wako, usije ukaamka ukadhani uliota. Niko uani na mjukuu wangu, naanika nepi. Kalia mara moja, kitovu kikatoka, tukatazamana, kikarudi. Ana paji la uso la baba yako, maskini. Huko kambini msimamizi atapika mwenyewe, Mungu awasaidie.

Leo hata kuniamkia hukumaliza. Ulifungua mlango, ukasema "Shika…", nami nikashika: mtoto mkono huu, wewe mkono huu. Usiharakishe kuamka. Umelala kwa muda wa saa tatu na robo.

Mama yako.