Ndoa ya Pili ya Richilda

Dada yangu Oda,

Nakusalimu wewe na watawa wenzako. Sisi wazima, ila nimechoka. Mipeari imezaa sana, na paa la ukumbi bado linavuja.

Tangu tumzike mume wangu, ngome ni ya Gozelo, mwanangu wa kambo. Juzi mezani aliniambia, “Mama, nataka amani na jirani. Nimemwahidi kumwoza Aleidi.”

“Binti yangu ana miaka tisa, wewe!”

“Basi nani aolewe? Wewe?” Akacheka.

“Naam, mimi.”

Kicheko kikamkauka.

Jirani amekubali. Jumapili naolewa na mtu yule yule aliyemuua mume wangu.

Anayekuletea barua hii ni Aleidi. Anadhani amekuja kukutembelea tu. Usimrudishe, hata nikikuandikia mimi mwenyewe kukuomba.

Mdogo wako,
Richilda