Nani Anaigusa Kazi Yangu Nikitoka?

Igoma, Mwanza

Baba yangu, shikamoo.

Natumaini barua hii itakukuta barazani kwako hapo Masasi, goti limetulia na mikorosho imeanza kuchanua. Mama naye hajambo? Naomba usimsomee mpaka uwe umeimaliza mwenyewe, maana namjua, atashika simu hapohapo. Tangu masikio yako yakatae simu, barua zimekuwa njia yetu mimi na wewe, na hii ni ya kwetu wawili kwanza.

Huku mvua imechelewa. Vumbi la barabara ya Musoma linaingia mpaka ndani ya studio, ikabidi mikseri niifunike kwa kanga ile aliyonipa Mama. Bado tuko kwenye chumba kilekile nyuma ya fundi mageti. Fundi akikata vyuma hatuwezi kurekodi, kwa hiyo tunamvizia akienda kunywa chai ndipo tunawaambia waimbaji waanze. Kulwa, yule mwenzangu wa Kisukuma niliyekuwa nakusimulia, huu ni mwaka wetu wa nne pamoja. Alipokuja hakujua hata kushika maiki, nikamfundisha mwenyewe. Ndiye ninayetaka kukueleza habari zake.

Mwezi uliopita tulipata kwaya kutoka Butimba, ya kurekodi nyimbo kumi. Ujue kurekodi ndiyo kazi rahisi. Kazi yenyewe ni kumiksi, yaani kuzipanga zile sauti, nani awe mbele, nani nyuma, nani kushoto, nani kulia. Sauti ya kwanza nikaiweka kushoto, sauti ya pili kulia, nikazipima mpaka zikalingana. Nikatoka kwenda kula ugali na furu, visamaki vya huku ziwani, kwa mama ntilie. Kurudi, nasikiliza, sauti ya pili imezama. Nikamuuliza Kulwa kama kuna mtu kaingia. Akasema, “Labda hukuseti vizuri, dada.” Aliongea huku anatazama kompyuta, hakunitazama mimi.

Baba, mimi si mtu wa kusahau nilichokiacha. Nikarekebisha. Kesho yake ikawa hivyohivyo, na keshokutwa tena. Nikaanza kumchunga. Nikaona anachukua flashi yenye nyimbo zangu, anakwenda nazo kwenye bajaji iliyoegeshwa nje, wanasikiliza yeye na dereva vichwa vimeinama. Nikitokea, wananyamaza. Tena nilishasikia kwa watu kwamba kule Igogo anakokaa anatafuta chumba. Basi nikajumlisha mwenyewe. Nikasema huyu anaharibu kazi yangu kidogokidogo, kwaya iseme Salma ameishiwa, halafu aondoke na wateja wote, akafungue studio kwenye hicho chumba.

Nikamtegea. Nikaandika kwenye kidaftari kila kitufe cha mikseri kilipokaa, nikakitia kwenye mkoba, nikaaga nakwenda kula. Nilikunywa kikombe kimoja cha chai nimesimama, nikarudi. Nikamkuta kwenye kiti changu. Na pembeni yake amekaa mwalimu wa kwaya, mama mtu mzima, amekuja kusikiliza kazi yake ilipofikia. Nikafungua kidaftari, nikalinganisha. Vitufe vitatu vya sauti ya pili vilikuwa chini.

“Umeshusha,” nikamwambia.

“Nimeshusha, dada.”

“Na wiki iliyopita?”

“Hata wiki iliyopita. We unaipandisha mno. Dereva wa bajaji kaniambia spika yake ya kulia inapiga kelele, ya kushoto imelala. Nikadhani spika zake mbovu, nikajaribu kwenye bajaji nyingine. Kitu kilekile.”

“Kwa nini hukuniambia?”

“Ningekuambiaje? Si wewe ndo umenifundisha kazi?”

Nikacheka kwa dharau. Kulwa akachukua sauti ya mwimbaji mmoja tu, akaiweka katikati kabisa, akampa mwalimu hedifoni. Mwalimu akasema, “Iko katikati, kama iko hapa puani.” Nikavaa mimi. Iko kushoto. Nikasema hedifoni imekufa upande mmoja. Kulwa akaivua kichwani kwangu, akaigeuza, ya kulia akaivalisha kushoto na ya kushoto kulia. Kama ubovu ungekuwa wa hedifoni, ile sauti ingehamia upande wa pili. Haikuhama, Baba. Ilibaki palepale kushoto.

Mwalimu akaniambia, “Pole, mwanangu.” Hiyo pole ndiyo iliyoniwasha. Nikawaambia wamepanga, wote wawili. Nikamwambia Kulwa aache ufunguo mezani, akafungue hiyo studio yake ya Igogo.

“Studio gani?” akauliza. “Mi natafuta chumba cha mama, anakuja kutibiwa.” Akauweka ufunguo mezani taratibu, akatoka. Nami moyoni nikasema, uongo huo.

Walipoondoka nikasugua vidole karibu na sikio la kushoto, nikasikia. Nikasugua kwenye la kulia. Kimya. Nikarudia mara nyingi, nikijishuku kama nilivyomshuku yeye. Halafu nikakumbuka ninavyofanya kazi. Nikirekodi huwa navaa hedifoni kwenye sikio moja, la kulia, na la kushoto naliacha wazi nimsikie mwimbaji. Na kwa ajili ya kelele za fundi mageti naongeza sauti mpaka mwisho. Miaka minane, Baba, sikio moja tu. Hospitali wamenipangia siku ya kupimwa kwa mashine. Naogopa sana, maana sijui kazi nyingine.

Sasa nakuuliza, usiniudhikie. Unamkumbuka mjomba Athumani, ulivyomfukuza pale kwenye mashine yako ya kusaga? Ulisema ananong'ona na wateja kukusengenya. Na sisi watoto mezani ulikuwa unatufokea, “Semeni kwa sauti, mnanificha nini?” Tulikuwa hatunong'oni, Baba. Tulikuwa tunaongea tu. Mjomba alikaa miaka mitatu bila kukanyaga kwetu, nawe ukaendelea kuisikia minong'ono hata bila yeye, ndipo tulipojua mashine ilishakula masikio yako. Nilikulaumu sana kwa jambo lile. Leo naona nimelifanya hilohilo, kwa mchana mmoja.

Na kuna jambo jingine bado nalishuku, hili ni lako. Sikukuu ya Idi nilipokuja, ulinihamisha kiti. Ulisema jua linanipiga, ukanikalisha pale ambapo Mama akawa kushoto kwangu. Siku ile kulikuwa na mawingu toka asubuhi. Ulijua? Kama ulijua, mbona ulininyamazia? Au na wewe hukujua uanzie wapi, kama Kulwa?

Msalimie sana Mama, mwambie kanga inafanya kazi. Msalimie kaka yangu mkubwa na shemeji, na bibi, mwambie dagaa wa ziwani nitambebea mwenyewe. Mjomba Athumani mpe salamu za peke yake, tena mpe mkono.

Jana nilimtumia Kulwa ujumbe, nikamwomba aje tumalizie nyimbo za Butimba. Amejibu neno moja tu, “Nakuja.” Sijui anakuja kufanya kazi au kuchukua vitu vyake, na kusema kweli bado nina wasiwasi naye kidogo, tabia haitoki mara moja. Lakini ufunguo nimeutundika pale anapoutundikaga siku zote. Na kiti chake, ambacho miaka yote kilikuwa kulia kwangu, nimekiburuza kuzunguka meza nzima, nimekiweka kushoto.

Mwanao,
Salma