Daktari Aliyeninyamazisha

Dada yangu mpenzi,

Sisi huku wazima, na shemeji mwambie nimezisoma hoja zake zote na bado amekosea.

Binti yangu amelazwa. Mimba yake changa ilijishikiza kwenye kovu la upasuaji wa uzazi wa kwanza, daktari akataka kuitoa. Nilimwendea nimejifunga kibwebwe, tayari kwa mabishano. Akanigeuzia skrini ya ultrasound.

"Mama, ona ukuta ulivyobaki mwembamba. Tukisubiri, kizazi kitapasuka, na binti yako tutamkosa."

Nikakifungua kibwebwe, nikamwambia aitoe.

Wameitoa kwa mashine ya kunyonya, na kizazi kimesalimika. Alipozinduka aliuliza, "Mama, nani kashinda?"

"Daktari."

Akacheka huku ameshika tumbo, akaniomba nirudie polepole.

Mdogo wako, niliyeshindwa nikashukuru.