Turbo Ndogo ya Shemeji

Jumatatu, 3 Machi

Shemeji kaja gereji saa nne, koti jeupe bado mwilini — kawakimbia wagonjwa wake wa meno! Anataka turbo kubwa, ile feni ya kusukumia injini hewa ipate nguvu. Ati gari lake jekundu la milango miwili limekuwa la kumpeleka mama mkwe kanisani. Namba zote amezikariri kutoka kwenye video. Nikamshauri tuweke ndogo: inaamka mapema, haichoshi injini, na breki alizonazo zinaimudu. Akacheka. Injinia wangu umeanza woga lini?

Anajua lini. Tangu lile gari la buluu la mteja. Turbo kubwa, niliifunga kwa mikono yangu, na ilikuwa kazi safi. Gari likarudi juu ya lori, paa limelalia viti. Kiatu kimoja kilikuwa bado chini ya pedeli. Mpaka leo nikisikia turbo kubwa inapuliza barabarani, naweka spana chini nangoja ipite.

Jumatano, 5 Machi

Muuza vipuri ameleta zote mbili tuchague. Nimezipanga mezani. Kwa asiyejua, ni kama sufuria mbili za nyumba moja.

Shemeji akaenda moja kwa moja kwenye kubwa, akaipapasa. Hii hii! Nikamweleza tena: hii inalala mpaka mshale wa mizunguko ya injini upande juu, halafu inakurusha kwa mkupuo mmoja. Ikikukuta kwenye kona, itakurushia hapo hapo kwenye kona. Akasema nawatisha watoto. Akaondoka anapiga mluzi.

Mchana akaja mdogo wangu, mkewe. Hakukaa hata.

"Dada, mfungie ile ndogo."

"Na nimwambieje?"

"Usimwambie. Atajuaje? Yeye ni wa meno!"

Nikakataa. Akalia kimya kimya, kajiinamia kwenye tairi bovu. Huwa halii hovyo huyu. Nikamwambia sawa. Sijui nilisemaje sawa.

Ijumaa, 7 Machi

Nimefunga ndogo. Gasketi mpya, oili mpya, kila nati nimeikaza mara mbili. Inakaa chini kabisa, na juu yake kuna bati la kuzuia joto, kwa hiyo ukifungua boneti huoni kitu. Kubwa nimeiweka kwenye sanduku chini ya benchi, nikalifunika gunia. Nikachungulia mlangoni kama mwizi.

Akalijaribu. Karudi macho yamemtoka. Inavuta mapema! Akanikumbatia na grisi yangu yote. Umeona kubwa ilivyo? Nikasema nimeona.

Kisha akatugeukia wote wawili kwa kicheko: "Nyinyi ndugu hamjanizunguka kweli?" Mdogo wangu akamwapia, jicho kwa jicho. Mimi nikajifanya natafuta kitambaa.

Lakini nimekula chakula chote leo. Hofu imepungua. Atakasirika siku akijua, lakini atakasirika akiwa mzima.

Jumatatu, 10 Machi

Amebandika maandishi kwenye kioo cha nyuma: KAZI YA INJINIA. Anamwonyesha kila mtu. Aibu tupu.

Alhamisi, 13 Machi

Shemeji kaja kunywa chai, akanisimulia kama kichekesho. Jana kwenye ile barabara ya kupanda mlima, alikuwa analipita basi. Kufika ubavuni, gari likaishiwa pumzi. Mbele likatokea lori. Akajipenyeza kati, kioo cha pembeni kikakosa kugusa kwa upana wa kidole. Na anacheka!

Nikamuuliza ulifanyaje.

"Nilitoa mguu mapema, Injinia. Nguvu za juu zilikuwa ndiyo zinakuja, mimi nikaogopa. Kosa langu. Siku nyingine sitoi ng'o!"

Hakuna nguvu za juu! Ndogo inatoa ilichonacho mapema, basi, imemaliza. Kile anachokingojea kiko chini ya benchi langu, kimefunikwa gunia. Alikuwa amekaa hatua mbili kutoka pale, kikombe mkononi. Nami nikamwongezea chai!

Alipoondoka nikampigia mdogo wangu. Mwambie leo leo. Akasema hawezi, alimwapia, akijua amezungukwa hatamwamini tena maisha. Na kwani kuna shida gani? Ndogo ndiyo salama, Dada, wewe mwenyewe ulisema.

Salama kwa anayejua ni ndogo! Nilikuwa napiga kelele, na simu ilishakatwa.

Jumamosi, 15 Machi

Nimekwenda kwao kumwambia. Njia nzima nimekuwa nikijisemesha maneno. Nikamkuta anaosha gari, suruali kaikunja. Akafurahi kuniona. Kesho anampeleka mdogo wangu mlimani kutembea, na ile sehemu ya basi anataka kuirudia vizuri.

Mdogo wangu kasimama mlangoni na taulo. Akanitazama tu.

Nikasema matairi yanataka upepo.

Matairi! Mwoga mkubwa mimi. Naogopa kufiwa, na naogopa kununiwa, na hofu ndogo ndiyo imeshinda.

Jumapili, 16 Machi

Niko gereji, peke yangu. Nimekuja asubuhi kwa sababu nyumbani sikai, sisimami.

Saa nne kasoro nimemwandikia: Shemeji, usilipite gari lolote leo. Nilikufungia ndogo, kubwa ninayo mimi. Kosa ni langu. Simama kwanza, unipigie.

Nikapumua. Kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi.

Jibu likaja kutoka namba yake:

"Ni mimi Dada, yeye anaendesha. Nimeifuta kabla hajaiona. Usituharibie siku tafadhali. Tuko nyuma ya lori la mchanga linatutupia vumbi, tukishalipita ntakupigia."

Nimepiga. Imeita, ikakatwa. Nimepiga namba yake mwenyewe mdogo wangu — inaita mpaka mwisho. Nimepiga tena ya Shemeji. Imezimwa. Nimemwandikia mdogo wangu: MWAMBIE ANGOJE. Ujumbe haujasomwa.

Nimelitoa sanduku chini ya benchi, nimeliweka mezani, wazi, akija alione. Nimeketi mbele yake na daftari hili kwa sababu mikono lazima ifanye kitu.

Saa nne na dakika nane. Lori la mchanga, urefu mita kumi na mbili. Limejaa, kwenye mlima, linakwenda kilomita arobaini kwa saa. Yeye yuko gia ya tatu, anakanyaga, na hatoi mguu. Ndogo inamaliza nguvu akifika kwenye mlango wa dereva wa lori. Nimepiga hesabu ya sekunde anazohitaji kutoka hapo. Ni nyingi mno. Napiga tena.